Mwaka Nilioacha Kuinamisha Kichwa

Rangi ya mafuta ikipakwa kwenye bati jipya hutoa harufu kali inayokaa puani kwa siku nyingi. Hiyo ndiyo harufu iliyojaa nyumbani kwetu Noonkopir, Kitengela, Januari moja katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa najiandaa kuingia kidato cha kwanza. Baba alikuwa amenunua sanduku la bati la rangi ya samawati. Jioni, akiwa ametoka kazini kwenye kiwanda cha saruji, nyusi zake bado zina vumbi la kijivu, alichuchumaa uani na burashi ndogo akaandika jina langu kwenye mfuniko: MUTINDA. Aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kwa sababu shule aliiacha darasa la saba na herufi kubwa hakuzizoea. Mama alikuwa jikoni akikaanga njugu za kubeba. Dada yangu Mwende, aliyekuwa darasa la tano, alikatazwa asiguse sanduku kabla rangi haijakauka, naye akaligusa, alama ya kidole chake ikabaki kwenye herufi ya mwisho. Hakuna aliyemgombeza. Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenda shule ya bweni, na siku ile nyumba nzima ilikuwa na upole wa nyumba inayomuaga msafiri.

Kitengela ya wakati huo ilikuwa kijiji ambacho hakijajua kwamba kitakuja kuwa mji. Palikuwa na barabara ya kwenda Namanga, maduka machache ya mabati, kinu cha kusaga mahindi, na upepo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi uling'ang'ania viatu hadi mtu akatembea kama aliyefungwa mawe miguuni. Kiangazi, pundamilia walipita nyuma ya choo chetu bila kumtazama mtu. Sisi tulikuwa Wakamba kutoka Makueni. Baba alifuata kazi, kisha akapata kipande kidogo cha ardhi kutoka kwa familia ya Kimaasai iliyokuwa jirani, na tangu siku ile alijihesabu kuwa mgeni wa watu wale. Alitufundisha jambo moja tu kuhusu ugeni: ukienda kwa watu, fanya wafanyavyo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini baba hakutaka kurejea popote. Alitaka tukae.

Mama mkubwa wa boma lile la jirani tulimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaa, na hadi leo sijui kama nililijua jina lake jingine. Kila jioni mimi ndiye niliyetumwa kwake kuchukua maziwa. Aliyamimina kutoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la mti, hivyo maziwa yalikuwa na ladha ya moshi. Lakini kabla ya maziwa ilikuwa salamu. Mtoto wa Kimaasai hampi mzee mkono. Humwendea, humwinamishia kichwa, naye mzee huweka kiganja juu ya utosi, humsalimu, na ndipo mtoto hujibu. Baba alihakikisha mimi na Mwende tumelijua jambo hili kabla hata ya kujua kuhesabu vizuri. Koko alikuwa na kiganja kipana, kikavu, chenye harufu ya moshi na mafuta ya ng'ombe. Alikiweka kichwani mwangu, akasema, "Supai," nami nikajibu, "Ipa," halafu alikiacha pale kidogo, zaidi ya ilivyohitajika. Sijapata kujua raha nyingine inayofanana na ile. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba siku yote, pamoja na makosa yake, imepokelewa.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa Kajiado, mabweni ya mawe yaliyoezekwa mabati, katikati ya migunga na vumbi jeupe. Sitaitaja kwa jina. Shule kama ile zilikuwa nyingi, na walimu wake wengi wameshastaafu. Sisi wa kidato cha kwanza tuliitwa mamono, na mono hakuwa mtu kamili. Mono aliteka maji ya wakubwa, alifua soksi zao, aliwaachia nyama siku ya nyama. Haya yote nilikuwa nimeyasikia nyumbani, na nilikuwa nimejiandaa nayo kama mtu anavyojiandaa na baridi. Jambo ambalo sikujiandaa nalo ni kiranja wa bweni letu, kijana wa kidato cha tatu aliyeitwa Jenerali. Wengi hudhani mtesaji ni mtu wa kelele. Jenerali alikuwa na sauti ya chini, shati safi, na alikuwa na subira kubwa.

Siku ya kwanza alitupanga mbele ya bweni, baada ya masomo ya alasiri, akapita akiuliza kila mmoja anakotoka. Akafika kwangu.

"We mono, kwenu ni wapi?"

"Kitengela."

"Kitengela ni kwa Wamaasai. Wewe ni Mmaasai?"

"Hapana. Mimi ni Mkamba."

"Mkamba wa Kitengela." Akawageukia wenzake. "Sasa huyu anasalimia wazee aje? Nyinyi kwenu mnasalimia na mshale?" Wakacheka, maana Wakamba wana sifa ya upinde. "Unajua kusalimia vile watu wa huku wanasalimia? Haya. Leta kichwa."

Nilijua. Nikainama, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umefundishwa hivyo, na nadhani kwa dakika ile niliona hata unafuu, kwamba katika mahali pale pageni kumbe kuna kitu ninachokijua. Jenerali akaweka kiganja juu ya utosi wangu, taratibu kabisa. "Supai." Nikajibu, "Ipa." Wenzake wakapiga makofi. Kuanzia jioni ile ikawa sheria: kila mono wa bweni letu akikutana na Jenerali, apeleke kichwa. Yeye hakuwa Mmaasai. Alitoka mjini, na ile salamu alikuwa ameiona tu kwa watu njiani, akaichukua kama mtu anavyookota kisu cha mtu mwingine.

Kesho yake nilipoinama, badala ya kiganja lilikuja konzi. Mkononi alikuwa ameshika kufuli la sanduku, chuma kimetokeza kati ya vidole. Niliona nyota. Alingoja, kisha akasema kwa ile sauti ya chini, "Mtu akisalimiwa anasema nini? Sema asante, mkubwa." Nikasema. Siku iliyofuata ilikuwa kiganja tena, laini kama cha mzazi. Halafu kiganja. Halafu konzi. Halafu siku kadhaa za kiganja, hadi mtu akaanza kufikiri mambo yamekwisha, kisha makonzi mfululizo. Nimeishi miaka mingi tangu wakati huo, nimefanya kazi ngumu na kulala pabaya, na bado naamini kwamba kilichonivunja hakikuwa chuma kile. Maumivu ya konzi huisha. Lililonivunja ni kutojua. Angenipiga kila siku ningezoea, kama punda. Lakini kila mara nilipoinama, kulikuwa na nusu yangu iliyotumaini, na ile nusu iliyotumaini ndiyo iliyopigwa.

Kwenye kitanda cha juu yangu alilala Lemayian, kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Bissil, mwembamba, mcheshi wiki ya kwanza na kimya baada ya hapo. Sisi wengine tuliumia mara moja. Yeye aliumia mara mbili. Siku moja tukiwa bombani tunafua, aliniambia, akitazama maji, "Nyumbani mkono ya mzee ikikugusa, unaenda umebarikiwa. Huyu amechukua kitu ya wazee, anacheza nayo kama mpira."

"Tumwambie mwalimu," nilisema.

"Tumwambie nini? Kwamba tunasalimiwa?"

Hapo ndipo ujanja wa Jenerali ulipokuwa. Nani angeshtaki salamu? Mwalimu wa zamu aliniona siku moja uvimbe ukiwa wazi, kwa kuwa tulinyolewa vipara, akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimegonga kitanda. Akakitazama kitanda, akanitazama mimi, akatazama vichwa vya wenzangu. "Vitanda vya bweni hili vina nguvu," alisema, akaenda zake. Alikuwa mtu mwema, alitufundisha jiografia vizuri. Lakini yeye naye alisoma bweni, akapigwa, akawa mwalimu, na bila shaka alihesabu kwamba hesabu ile ilitoka sawa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo walivyopenda kutuambia gwarideni. Hakuna aliyesema ulimwengu huo hufunza nini.

Mambo yaliyonipata baadaye sikuyajua yanaitwaje. Nilidhani ni ugonjwa wa tumbo. Kila jioni ikikaribia, tumbo lilifunga. Darasani nilisoma ukurasa mmoja hadi mwisho na kugundua kwamba sikuwa nimesoma neno. Jina langu likiitwa, nilisikia kana kwamba anaitwa mtu mwingine, nami nikamwonea huruma. Nilianza kutembea nikiwa nimeinua mabega, shingo imezama katikati, hadi wenzangu wakaniita Kobe. "Kobe, toa kichwa tukione," walisema kwenye foleni ya chakula. "Hii kichwa yake inakua kuliko maksi zake." Nilicheka pamoja nao. Ilikuwa lazima kucheka. Godoro langu lilianza kuwa na unyevu asubuhi, mimi mvulana wa miaka kumi na minne, na nikajifunza kuamka kabla ya kengele ili niligeuze. Nikajifunza pia kutotaka kitu chochote. Hilo ndilo nililolijifunza vizuri zaidi muhula ule, na ndilo lililochukua miaka mingi zaidi kulisahau.

Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani. Mvua zilikuwa zimeanza, Noonkopir yote ilikuwa matope na majani mapya. Mama alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akanitazama nikila, akasema nimekonda. Baba alisema nimekuwa mwanamume, siongei ovyo tena. Alilisema kwa fahari, na sikumlaumu. Kimya cha mtoto kina sura nyingi, na mzazi huchagua ile anayoitamani. Jioni ile Mama alinipa kijagi, akanituma kwa Koko kama zamani.

Koko alikuwa amekaa mlangoni. Aliponiona alicheka, akasema maneno ya furaha kwa Kimaa, akainuka, na kabla sijasema kitu akanyoosha kile kiganja kipana kuelekea kichwani mwangu. Niliruka nyuma. Sikuamua kuruka. Mwili uliruka, kijagi kikaanguka, nami nikajikuta nimesimama hatua kadhaa mbali, mikono imeinuliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini Koko hakuwa ameuona nyoka. Yeye aliona tu mtoto aliyemkwepa. Alibaki na mkono hewani. Nikaona aibu, nikataka kurekebisha, na nilivyorekebisha niliharibu kabisa: nilimsogelea, nikampa mkono, kama mtu mzima anavyompa mtu mzima mwenzake.

Kwa watu wale, hilo si jambo dogo. Kijana akimpa mzee mkono badala ya kichwa, anamwambia, mimi na wewe sasa tuko sawa. Koko aliutazama mkono wangu. Hakuushika. Alijaza maziwa kijagi, akanipa, akaingia ndani. Siku iliyofuata nilisalimia nikiwa mbali na ua, naye hakujibu. Siku ya tatu mtoto mmoja wa boma aliniambia maziwa yamekwisha, ilhali niliwasikia ng'ombe wakikamuliwa.

Kisha akaja kwetu mwenyewe, na mwanawe mkubwa, wakati Baba yuko. Alikaa kwenye kiti cha uani, akaongea Kiswahili chake cha polepole. "Baba Mutinda, mimi sina maneno mingi. Mtoto yako amekataa mkono yangu. Kama ni masomo imemfanya hivyo, ni sawa, aniambie. Mimi namsalimia tangu alikuwa mdogo hivi. Sasa ananiogopa kama mimi ni mchafu."

Sitasahau uso wa Baba. Mtu mwingine angesikia malalamiko ya bibi kizee kuhusu adabu. Baba alisikia miaka yake yote ya kuishi pale ikiulizwa swali. Kwamba wale wageni uliowapa ardhi, wakishasomesha mtoto, hawataki tena kuguswa na wewe. Ilikuwa pia miaka ambayo watu wa makabila tofauti, katika sehemu nyingine za nchi, walikuwa wamefukuzana, na kila mgeni alilala sikio moja wazi. Hakuniuliza kwa nini. Sababu haikuwa na maana kwake. Jirani alikuwa ameumia. Alimwambia Koko, "Mama, Jumapili tutakuja. Ataileta hiyo salamu mbele ya watu wako wote." Walipoondoka alinigeukia. "Umeenda shule muhula mmoja," alisema, "umerudi na kiburi cha chuo kikuu."

Siku zilizobaki hadi Jumapili nilijaribu. Niseme ukweli, nilijaribu sana. Nilienda nyuma ya nyumba, nikamwomba Mwende aweke mkono kichwani mwangu. "Kwani unaumwa?" aliniuliza. "Weka tu." Aliuinua mkono wake mdogo, na kila ulipokaribia, mabega yangu yalipanda yenyewe. "Wewe unacheza," alisema hatimaye, akaenda kuruka kamba. Nilibaki pale nikitazama ukuta. Ningeweza kumwambia Mama. Lakini ningemwambia nini? Lemayian alikuwa ameshauliza. Na zaidi ya hapo, kulikuwa na lile sanduku, na jina lililoandikwa polepole, na majirani waliokuja kuniaga. Shule ilikuwa ya nyumba nzima. Aibu tu ndiyo ilikuwa yangu peke yangu.

Jumapili baada ya kanisa tulikwenda, Baba na shati lake la kitenge, Mama na leso, mkononi sukari na majani ya chai. Watu wa boma walikuwa wamekaa, wakubwa kwa wadogo. Chai ikanywewa. Maneno mazuri yakasemwa. Kisha Baba akasema, "Mutinda." Nikasimama mbele ya Koko. Alikuwa amevaa shuka jipya jekundu na shanga, na nilielewa kwamba alikuwa amejitayarisha kusamehe. Nikataka kuinama. Shingo ikakataa. Watu wakangoja. Mtoto mmoja akacheka. Nikamsikia Baba akipumua nyuma yangu, kisha mkono wake, mgumu kwa saruji, ukanishika kisogoni na kunisukuma chini.

Nasimulia lililofuata kama nilivyosimuliwa, kwa maana mimi mwenyewe nalikumbuka vipande vipande. Niliketi chini kwenye mavi ya ng'ombe yaliyokauka, nikafunika kichwa kwa mikono yote miwili, na nikaanza kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayejibu mahudhurio, "Asante, mkubwa. Asante, mkubwa. Asante, mkubwa." Hakuna aliyekuwa amenipiga. Sikulia. Nilirudia tu, na suruali yangu ya Jumapili ikalowa mbele ya boma zima. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio changu kilikuwa ni shukrani.

Mama ndiye aliyefika kwanza. Alichuchumaa kwenye vumbi, akaniuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini kama ya kuuliza njia, "Mkubwa ni nani, mwanangu?" Kisha akaanza kupapasa kichwa changu, si juu, bali pembeni, nyuma ya sikio, kwa ncha za vidole, na vidole vikasimama kila vilipokuta kovu. Alihesabu kimya kimya; nilihisi alivyohesabu. Baba alikuwa bado amesimama, mkono wake umebaki umekunjika vilevile ulivyokuwa kisogoni mwangu, akiutazama. Koko alisema neno moja kwa Kimaa, na watu wote wakatoka uani, hata watoto. Sijawahi kuambiwa lilikuwa neno gani.

Baba alinirudisha shuleni muhula ulipofunguliwa, yeye na mimi, ili aonane na mkuu wa shule. Aliketi kwenye kiti cha ofisi kofia ikiwa mapajani. Mkuu alisikiliza, akasema huo ni utani wa wavulana, kisha akasema Jenerali ataadhibiwa. Jenerali alifyeka nyasi wiki moja, shati lake likiwa safi vilevile. Hakunigusa tena. Hakukuwa na haja. Bweni zima liliacha kuongea nami. Nilipoingia bafuni watu walitoka, nilipoketi mezani benchi lilibaki tupu, na kwenye mfuniko wa sanduku langu mtu aliandika kwa msumari neno MSALITI, chini ya herufi za Baba. Nilivumilia hadi katikati ya muhula. Lemayian aliondoka kabla yangu. Asubuhi moja kitanda cha juu kilikuwa kitupu, ikasemekana ametembea hadi kwao. Baba alikuja kunichukua bila kuitwa. Alilibeba sanduku begani kutoka lango la shule hadi barabarani. Matatu ilipofika Isinya alisema, akitazama dirishani, "Mimi nilifikiri umekomaa." Nadhani aliomba msamaha. Kwa watu wa rika lake, hiyo ilikuwa ni hotuba ndefu.

Nilimaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa, kwa alama za kawaida. Baada ya hapo nilianza kuhama. Nimekuwa mlinzi wa nyumba za kupanga Nkoroi, nimekimbiza karatasi za mawakala wa mizigo pale Namanga, nimeuza mitumba, nimekaa Makueni kwa shangazi, nimerudi, nimeondoka. Watu husema nina miguu ya mbwa. Mimi najua tu kwamba kila mahali, baada ya miezi kadhaa, watu wakianza kunizoea, wakianza kunipiga bega kwa furaha, ninaanza kutafuta begi. Lemayian nilikutana naye miaka ya elfu mbili, mnadani Bissil, akiuza mbuzi, ameoa, amevaa kofia ya sufu mchana wa jua kali. Tulinunuliana soda. Tukaongea kuhusu mvua na bei za mbuzi hadi soda zikaisha, tukaagana.

Koko aliishi muda mrefu. Kila niliporudi Noonkopir nilikwenda kumsalimu, na kila mara alinipa mkono wake wa kuume, kama anavyopewa mwanamume mzima, akanishika kwa nguvu. Tangu ile Jumapili hakunyoosha tena kiganja kuelekea kichwani mwangu, hata mara moja. Alikuwa amenihurumia. Lakini niliwaona vijana wa rika langu, wenye ndevu na wake, bado wakimpelekea vichwa vyao wakicheka, naye akiwabariki, nami nikisimama kando na mkono wangu uliopewa heshima. Mara ya mwisho alikuwa amelala, macho hayaoni vizuri. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikainamisha kichwa mwenyewe, bila kusukumwa. Nilifika karibu kabisa. Alipapasa, akapata bega langu, akalitambua lilivyopanda hadi sikioni. "Ni Mutinda," alisema. Akaushusha mkono hadi kwenye mkono wangu, akaushika hapo. Alizikwa nikiwa Namanga.

Sasa hivi naandika nikiwa Kitengela, nyumbani kwa Mwende. Hakuna pundamilia. Kuna maghorofa, maduka makubwa, na foleni ya magari inayoanzia asubuhi. Viboko vimekatazwa shuleni. Kwenye lango la shule anakosoma binti yake, Ndanu, wameandika ukutani kwa rangi nzuri kwamba afya ya akili ni muhimu, na kuna chumba cha ushauri nasaha chenye pazia. Sisi hatukuwa na maneno hayo. Tulikuwa na tumbo, uvivu na kiburi, na kila kitu kilitiwa katika kimoja cha vitatu hivyo. Nafurahi kwamba maneno yamekuja. Lakini nimechoka vya kutosha kujua kwamba neno likiwa ukutani halimwoni mtu.

Mwende aliniambia siku niliyofika, "Huyu msichana amekuwa na madharau, Mutinda. Ukimwongelesha anafunika mdomo na mkono wa sweta, kama anasikia harufu yako." Niliketi na Ndanu jikoni akichambua ndengu. Ana miaka kumi na mitano, na ana meno ya kahawia tuliyo nayo wengi tuliokulia maji ya visima vya huku. Sikumwambia atoe mkono mdomoni. Nilichambua ndengu pamoja naye, nikamsimulia habari za kufuli, zote, hata suruali. Aliuliza, "Ukawaambia mkubwa asante?" Nikasema ndiyo. Kisha alitoa simu mfukoni mwa sketi, akaisukuma juu ya meza. Ilikuwa picha yake akicheka, imekuzwa mdomo, na chini yake maneno ya darasa zima, mamia, yakishuka na kushuka, na mengine yakiingia tulipokuwa tunatazama. Jenerali alilala usiku, angalau. Hiki kitu hakilali, na kinaingia naye kitandani.

"Anko, usimwambie mama."

"Simwambii. Utamwambia wewe, na mimi nitakuwa nimeketi hapa."

Aliilaza simu kifudifudi, akarudi kwenye ndengu. Akatoa jiwe dogo, akaliweka kando. "Mama alisema unaondoka Jumatatu," alisema bila kuniangalia. Katika kila nyumba niliyolala tangu nikiwa kijana, nimekuwa na jibu la swali hilo kabla halijaulizwa. Hata begi nilikuwa nimeshalifunga, liko nyuma ya mlango wa chumba cha wageni. Nilimwambia sijui bado nitaondoka lini. Mwende alikuwa anafungua geti. Tulisikia viatu vyake uani, na Ndanu akaigeuza simu, kioo kikatazama juu, akaiacha hapo mezani.